Picha ya Kijivu na Bao la Mvule



Jamaa zetu wa Lamu na Mombasa wanapotupigia simu huuliza kwanza habari za mvua, kisha habari za watoto, kisha hutulia kidogo na kusema: "Na hiyo mashine yenu, huona kwa jicho gani?" Swali hilo la tatu tumeliahidi jawabu mara nyingi, na mara nyingi simu imekatika kabla hatujafika katikati. Leo tumeona tulijibu kwa maandishi na kwa urefu wake, kwa sababu wako akina mama wasomao kurasa hizi ambao watoto wao wamemaliza skuli wakijua kuchora na kutumia kompyuta, na nyumba hiyo hiyo ina mzee mwenye patasi zilizoanza kushika kutu. Wawili hao wanaweza kufanya kazi moja. Kwetu wameifanya, japo si kwa wepesi.

Sisi ni nyumba ya watu sita. Asili yetu ni Lamu, na makazi yetu kwa miaka 11 sasa ni Oyugis, mji wa soko ulio kwenye barabara itokayo Kisumu kupitia Ahero na Sondu na kuendelea hadi Kisii. Ni nchi ya viazi vitamu, mahindi na mvua za alasiri. Bahari haionekani wala harufu yake haifiki, ila ukiteremka upande wa Kendu Bay utalikuta ziwa, na hapo Kendu Bay utawakuta Waislamu waliokaa kwa vizazi. Mkuu wa nyumba yetu alikuja kutia milango katika nyumba ya mtu mmoja, akapewa kazi ya pili na ya tatu, nasi tukamfuata. Karakana iko uani. Ndani yake mna randa, misumeno, meza ya kuunganishia vitanda na makabati, na kwa miaka mitatu sasa mna mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, ambayo mafundi wa huku huiita siensii. Tuliinunua kwa mkopo, na habari ya mkopo huo tutaifikia.

Mashine yenyewe ni meza ya chuma yenye reli mbili. Juu yake hupita daraja, na juu ya daraja hutembea mota iliyoshika ncha ya kukatia. Daraja huenda mbele na nyuma, mota huenda kulia na kushoto, na ncha hupanda na kushuka. Mienendo ni hiyo mitatu tu. Jicho haina. Hufuata orodha ya amri: nenda hapa, shuka kiasi hiki, songa, panda. Amri hizo ni maelfu kwa maelfu na hapana mwanadamu anayeziandika kwa mkono. Huandikwa na programu, na programu huzitoa katika picha ya kijivu.

Chukua picha isiyo na rangi, yenye nyeusi, nyeupe na vijivu vya katikati. Kwa macho yetu ni picha, lakini kwa programu ni jedwali la namba. Kila nukta yake, yaani pikseli, ina namba moja, kuanzia 0 iliyo nyeusi kabisa hadi 255 iliyo nyeupe kabisa, ngazi 256 kwa jumla. Fundi huiambia programu kwamba nyeupe ndio uso wa ubao usioguswa, na nyeusi ndio mwisho wa kuzama, tuseme milimita 12. Basi kijivu cha katikati kitashuka karibu milimita sita, na kila ngazi moja ya kijivu itakuwa ndogo kuliko sehemu ya ishirini ya milimita. Aliyezoea kutia hina atafahamu upesi: palipokaa hina kwa muda mrefu hukolea, palipokaa kidogo huwa hafifu. Hapa kukolea ni kuzama. Hiyo ndiyo siri yote, nayo ingekwisha kwa dakika tano lau watu wasingedhani kwamba picha yoyote hufaa.

Picha ya kina ya kweli ni ile ambayo weupe wake ni urefu hasa. Ya namna hiyo imekwisha kuchukuliwa kwa sehemu kubwa ya dunia. Mwezi wa Februari 2000 chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Endeavour kilizunguka kwa siku 11 kikipima kwa rada kuinuka na kuinama kwa nchi kavu, na vipimo vyake hadi leo hupatikana bila malipo. Binti yetu mkubwa alichukua sehemu ya kwetu, akaigeuza kijivu, akaichonga kwenye ubao wa mwembe kuwa kazi yake ya kwanza. Ghuba ya Winam ilitoka tambarare na ya chini, kwa kuwa ziwa liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na nchi imelizunguka kwa kuinuka. Mlima Homa, unaopita mita 1,700, ulitoka kama nundu. Ubao huo umetundikwa barazani, na watoto wa majirani huupapasa wakitafuta kwao.

Picha ya simu haiko hivyo. Kamera haipimi umbali wa kitu. Hupima mwanga unaorudi. Tofauti hiyo tuliijua kwa maelezo, lakini uzito wake tuliletewa na mwanamke mmoja wa jirani.

Kwa majirani zetu Waluo msiba ni jambo kubwa, na jeneza hutengenezwa kwa heshima. Mama huyo alikuwa amefiwa na mumewe, na fundi mmoja wa mji mwingine alikubali kumchongea sura ya marehemu katika ubao wa kuweka juu ya kifuniko. Fundi yule aliitia picha katika mashine kama ilivyo. Mashine ikatii. Mvi za mzee, kwa kuwa ni nyeupe, ziliinuka kama tuta. Masharubu yake meusi yakawa handaki. Mboni za macho zikawa mashimo mawili, na kwa kuwa jua siku ya picha lilitoka upande wa kulia, shavu moja lilivimba na la pili likabonyea kama la mtu aliyepigwa. Mama aliuleta ubao ule ukiwa umefungwa kwa leso, akaufungua mezani petu, akasema, "Huyu siye. Watoto wakimwona hivi watamkumbuka hivi."

Tulimweleza kwamba sisi nyumbani hatuchongi sura za watu, kwa itikadi yetu, naye alilipokea jambo hilo kwa adabu kubwa, akasema mumewe pia alikuwa mtu wa misimamo. Tulimchongea jina, miaka ya kuzaliwa na kufa, na mzunguko wa majani. Kisha akaomba jambo jingine, kwamba ule ubao wa kwanza tuurandie mpaka sura ile iishe. Mkuu wa nyumba aliurandia mbele yake, taratibu, mpaka mbao ikawa nyeupe, na mama akaokota maranda yote akayatia katika leso ile ile.

Tangu siku hiyo kila anayekuja na picha ya simu humweleza habari ya jua kwanza. Katika picha ya kina hakuna jua. Hakuna upande wa kivuli, hakuna mng'aro, hakuna weusi wa rangi. Kuna juu na chini tu. Wataalamu wanaohifadhi majengo ya kale hulijua hili vizuri; ndiyo maana walipokwenda Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kuyanakili magofu hawakuridhika na kamera za kawaida bali walikwenda na vyombo vya kupima kwa miale ya leza, nukta kwa nukta. Na Unguja, ilipoporomoka sehemu ya Beit al-Ajaib tarehe 25 Desemba 2020, wengi wetu tulifikiri kwanza juu ya milango yake, na ni nani aliyepima kina cha nakshi zake kabla ya siku ile.

Kazi iliyotushughulisha zaidi ilitoka Kendu Bay. Familia moja ya huko ilikuwa na bao la juu ya mlango lililoletwa na babu yao kutoka pwani. Mchwa walikuwa wamelila nusu nzima, upande wa kushoto, na upande wa kulia ulibaki umechakaa kwa miaka ya mvua na rangi ya mafuta iliyopakwa na kupakwa tena. Katikati palikuwa na ua kubwa la mviringo, kutoka hapo mzabibu wa majani ukitambaa pande mbili, na chini yake mnyororo. Walitaka lipatikane lingine kama hilo kabla ya harusi ya mjukuu. Leza ya kupimia hatukuwa nayo, na hata tungekuwa nayo isingeweza kupima kilicholiwa na mchwa.

Hapa lazima tumtaje ami yetu. Ana miaka 74, amechonga tangu utotoni Lamu, na alikuja kukaa nasi baada ya kufiwa na mkewe. Mikono yake hutetemeka sasa. Nyundo bado huishika, lakini patasi ndogo humkimbia. Mashine alikuwa akiiita panya, kwa ile sauti yake ya kuguguna, na kwa mwaka mzima hakukanyaga upande wake wa karakana. Lilipokuja lile bao alilipapasa, akafumba macho, akapitisha kidole gumba upande uliobaki mzima, akaanza kusema kama asomaye: "Hapa jani lapanda. Hapa lalala. Hapa laingia chini ya mwenziwe."

Binti yetu, mwenye miaka 22 na cheti cha uchoraji wa kompyuta kutoka chuo cha Kisumu, alikuwa amesimama nyuma yake. "Laingia kiasi gani, babu?"

"Kiasi cha unene wa ukucha, mwanangu."

"Ukucha wako au wangu?"

Alicheka, jambo ambalo hatukuwa tumelisikia kwa muda. Binti akapima ukucha wa mzee kwa chombo cha kupimia, akapata karibu milimita moja. Milimita moja kati ya 12 ni ngazi 21 za kijivu. Akaandika 21. Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza, na iliendelea kwa siku 19, mzee akisema na binti akitia kijivu.

Aliyesomea uchoraji hupata taabu ya pekee hapa, na tunaitaja kwa ajili ya vijana watakaojaribu. Chuoni alifundishwa kwamba jani likitiwa kivuli upande mmoja na mwanga upande wa pili huonekana limevimba. Katika picha ya kina kufanya hivyo ni kulipindua jani, upande mmoja chini na wa pili juu, kama kigae kilichotoka mahali pake. Jani lililovimba sharti liwe jeupe kwenye mgongo wake na lififie sawasawa kwa pande zote mbili. Ukiitazama picha hiyo katika skrini haipendezi. Huonekana kama kitu kilichomwagiwa maziwa na kufunikwa na ukungu. Binti aliona haya kuionyesha. Mzee naye hakuweza kuisoma kabisa, mpaka programu ilipoizungusha na kuionyesha kama ubao uliokwisha kuchongwa. Hapo alinyoosha kidole kwenye kioo akasema mshipa wa jani la tatu umeinuka mno, na alikuwa na haki.

Kuna mambo mengine madogo ambayo hutenganisha bao zuri na bao la mabaka. Picha iliyopitia WhatsApp hubanwa na kupoteza ukali wake. Faili ya aina ya JPEG hugawa picha katika viraka vidogo vya pikseli nane kwa nane na kuviokoa kwa kukadiria. Jicho husamehe makadirio hayo, lakini ncha ya chuma haisamehi, na utayaona kwenye mbao kama vipele kandokando ya kila jani. Tunatumia PNG. Tena zile ngazi 256, ambazo ni nyingi kwa jicho, huwa chache pale penye mteremko wa polepole. Mteremko wa milimita moja katika upana wa sentimita tano hupata ngazi 21 tu, kila moja ikiwa na upana wa zaidi ya milimita mbili, na taa ikipigwa kwa ubavu utaona matuta kama ya shamba la mpunga. Ndiyo maana kazi za namna hii huchorwa kwa picha za aina pana zaidi, zenye ngazi 65,536. Matuta yanayobaki hutiwa ukungu kidogo, kidogo mno, maana ukungu ukizidi mnyororo huwa kamba na ua huwa mkate.

Na kuna jambo moja ambalo picha ya kijivu hailiwezi hata ikichorwa na nani. Kila pikseli ina namba moja tu, yaani kina kimoja. Haiwezi kusema: hapa pana jani, na chini ya jani pana uwazi, na chini ya uwazi pana jani jingine. Ncha nayo hutoka juu na kushuka. Haijui kupinda ikachokonoa chini ya ukingo. Nakshi ya mkono wa kale ina vichokonoo hivyo, na ndivyo vinavyotia kile kivuli cheusi chembamba kinacholifanya jani lionekane limelala juu ya ubao badala ya kuota ndani yake. Binti alipomweleza mzee kizuizi hicho, mzee aliuliza, "Kwa hiyo panya hawezi?" Akaambiwa hawezi. Tunadhani hapo ndipo alipoanza kuipenda mashine.

Ubao tuliupata kwa taabu. Mvule ulionyooka na kukauka haupatikani dukani kwa urahisi, na tangu serikali ilipozuia ukataji wa miti katika misitu ya umma Februari 2018 hadi katikati ya 2023, mafundi wengi walizoea kutafuta mbao za zamani. Tulinunua boriti ya duka lililobomolewa, tukaipasua, tukapata bao la urefu wa sentimita 120 na upana wa 24. Majaribio yote tuliyafanya kwanza katika vipande vya mwembe.

Hesabu ya muda wake ni hii, kwa wanaodhani mashine humaliza kazi kwa kufumba na kufumbua. Kwanza ncha pana huondoa mbao nyingi kwa haraka na kuacha umbo la ngazi ngazi. Kisha ncha nyembamba yenye kichwa cha mviringo hupita mstari kwa mstari kwa urefu wa ubao, kila mstari ukiwa robo milimita kutoka kwa mwenzake. Upana wa milimita 240 ni mistari 960. Kila mstari ni mita 1.2, jumla mita 1,152. Kwa mwendo wa mita mbili kwa dakika ni muda wa saa tisa na dakika 36, na huo ni mpito wa mwisho peke yake. Ukiiachia mistari nusu milimita muda hupungua kwa nusu, lakini kidole hukwaruzika na msasa hutumika siku mbili, basi umepata nini?

Sasa weka saa tisa hizo katika nchi ya mvua za alasiri. Radi za upande huu, kutoka Kisii hadi ziwani, si za mchezo. Umeme ukikatika katikati ya kazi mota husimama, na mashine hupoteza kumbukumbu ya mahali ilipo. Ukirudi na kuianzisha kwa kukisia, hata nusu milimita ya tofauti itaonekana kama kovu lililokatiza ubao wote. Kwa hiyo kazi ndefu huigawa vipande vitatu au vinne, huanza baada ya swala ya alfajiri, na saa saba mchana huzima kila kitu, mvua ije isije. Bao la Kendu Bay lilichukua siku tatu. Mtu aliyezoea kazi ya ofisini angeliona jambo hilo kuwa uvivu.

Dada zetu wanaofikiria kuwapeleka mabinti katika kazi hii watatuuliza kuhusu stara na usalama. Kazi yenyewe haina uzito; binti yetu huifanya yote isipokuwa kunyanyua mbao. Lakini mota ile huzunguka kati ya mara 18,000 na 24,000 kwa dakika, nayo haitofautishi mbao na ushungi. Mtandio wenye ncha zinazoning'inia, mikono mipana ya buibui, bangili ndefu, hivyo havisogei karibu na meza. Binti huvaa dera lililobana kifundoni, mtandio mfupi uliochomekwa ndani, na koti la fundi juu yake. Barakoa ni lazima, wala si ile ya kitambaa. Taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani imeliweka vumbi la mbao katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na vumbi la mashine ni laini kuliko la msumeno. Watoto wadogo hawaingii karakana wakati inapochonga.

Kisha bao likafika mikononi mwa mzee. Alikaa nalo siku nane. Tulimfungia mkono kwa kitambaa hadi kwenye kiwiko ili utulie juu ya meza, na alichokonoa chini ya kila ukingo wa jani kwa patasi yenye mdomo wa mviringo, kidogo kidogo, akipumzika kila mara. Katika jani moja la upande wa kushoto patasi iliteleza. Hakutaka lizibwe. Alisema bao lisilo na alama ya mtu halimjui aliyelitengeneza. Wenyewe wa Kendu Bay walipolichukua hawakuiona alama ile; sisi tunajua ilipo.

Si kila nakshi ya kwetu inafaa kwa njia hii. Milango ya Kibajuni, yenye mistari na maduara yaliyokwaruzwa kwa kina kidogo na kwa ukali, huharibika ukiipitisha katika kijivu. Kingo zake huwa butu. Hiyo huchongwa kwa michoro ya mistari na ncha yenye umbo la pembe, au, kwa rai yetu, huachiwa mkono, kwa sababu mkono hauchukui muda mwingi zaidi. Kijivu ni cha majani, maua, mawimbi, kila chenye mgongo na bonde. Marufaa ya kusomea Kurani tumeyafanya kwa njia hii na yametoka vizuri. Maandishi matukufu hatujayachonga, kwa kuwa vumbi lake huanguka chini na kukanyagwa, na ami amesema hilo ataliuliza kwa wanaojua kabla hatujalianza.

Tulisema tutaufikia mkopo. Baada ya bao la Kendu Bay kuonekana katika picha za harusi alitujia mfanyabiashara mwenye maduka ya vitu vya watalii huko pwani. Alitaka paneli 60 za ua lile lile. Bei aliyotaja ingemaliza mkopo wote na kulipa ada ya mdogo wa binti yetu kwa mwaka. Alikuja na vibandiko vilivyokwisha kuchapishwa, na juu yake yameandikwa maneno ya kwamba kitu hiki ni kazi ya mkono ya Lamu.

Nyumba iligawanyika, na tunalisema hilo wazi. Mmoja wetu alisema mkono umo ndani yake. Binti alisema, "Babu, picha ile nimeichora kwa mkono huu, siku 19." Ikasemwa pia kwamba mtalii hununua uzuri, hajali chombo. Ikasemwa kwamba mkopo hauna subira. Na ikakumbushwa ile habari, ambayo wasomaji wetu wanaijua, ya muuzaji aliyekuwa na chungu ya nafaka kavu juu na iliyolowa ndani. Ami alinyamaza mpaka chai ikapoa. Kisha akauliza bei ya paneli moja kama hiyo iliyochongwa kwa mkono, huko Lamu, ufukoni, ambako vijana wa ndugu zake bado wamekaa na nyundo. Hakuna aliyemjibu, maana sote tuliijua, na tulijua pia kwamba paneli zetu 60 zingewekwa rafu moja na za vijana wale, kwa nusu ya bei, zikiwa na jina lao.

Mzee akamwambia binti, "Umechora siku 19. Basi andikeni hivyo."

Tukaandika kibandiko chetu: kimechorwa kwa mkono Oyugis, kimekatwa kwa mashine, kimemaliziwa kwa patasi. Mfanyabiashara alikisoma mara mbili, akasema kwamba maneno mengi hayauzi, akaagana nasi kwa adabu. Hajarudi. Mkopo umebaki wa miezi saba, na ada imelipwa kwa kuuza pikipiki. Kibandiko kile sasa hukibandika nyuma ya kila kitu kitokacho karakana yetu, hata vitanda, ambavyo havina nakshi isipokuwa kichwani.

Mzee na binti wameendelea. Siku ambazo mkono wake haushiki kitu chochote chembamba, ami hufinyanga jani kwa udongo, kwa viganja, na binti huchoma sindano katika udongo huo mahali baada ya mahali, akipima ilivyozama, na kuziandika namba. Nakshi zilizokwisha kuhifadhiwa kwa njia hiyo ni 14. Iko ya kumi na tano, ua la mlango mmoja wa Siyu aliouona ujanani na hajauona tena, ambayo husema anayo kichwani lakini majani yake ya pembeni humchanganya, sijui manane, sijui tisa. Jumatatu ameagiza aletewe udongo laini wa mtoni, usiokuwa na mchanga.